Mlezi wa Watoto wa Kifua

Renae Tollefson alikuja kambini kwetu kwa sababu ya mikono yake. Bi Verna Ostby, nesi aliyeiongoza kambi, alimwona kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya akimkamua ng'ombe mkaidi aliyewashinda kaka zake wote. Alisimama pembeni akamtazama mpaka ndoo ikajaa, kisha akamsogelea na kumwambia bila hata salamu, "Binti, hiyo mikono nitaihitaji Julai."

Renae, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alidhani anaitwa kukamua ng'ombe wa kambi. Kambi haikuwa na ng'ombe hata mmoja.

Ilikuwa kambi ya watoto wagonjwa, kando ya ziwa kaskazini mwa Minnesota, na mimi nilikuwa mpishi wake. Watoto wetu walizaliwa na ugonjwa wa kurithi. Makohozi yao yalikuwa mazito kama gundi, yakiziba mapafu, na tumbo lao halikuweza kusaga mafuta mpaka wameze vidonge. Miaka hiyo ya themanini, mwenye ugonjwa huo akimaliza sekondari, wazazi wake walihesabu kuwa wamebahatika. Kila asubuhi na kila jioni ilibidi mtu amlaze mtoto kifudifudi, kichwa kikining'inia chini, ampigepige mgongo na mbavu kwa viganja mpaka makohozi yalegee na kutoka. Nyumbani kazi hiyo waliifanya mama zao. Kambini waliifanya walezi, vijana wa vyuo na wa mashambani, na ndiyo maana Bi Verna alikuwa akizunguka kwenye maonyesho kutafuta mikono ya watu.

Kwao Renae alikuwa kitinda mimba, mbele yake wapo wavulana wanne, na katika nyumba ile mtu akitaka chumvi alinyoosha mkono tu. Hakuzoea kuongea. Kwenye kikao cha kwanza cha walezi kila mmoja aliambiwa asimame ajieleze. Yeye alisimama, akasema "Renae," akakaa, na uso ukamwiva mpaka shingoni. Nilimwambia Bi Verna huyu hamalizi wiki. Bi Verna akasema nimwachie, nishughulike na pankeki zangu.

Asubuhi ya kwanza alipewa msichana wa miaka tisa, Shelby Kranz, mwenye mdomo kama wembe. Shelby alilala kwenye benchi, Renae akaanza kumgusagusa mgongo kama mtu anayepima kama mkate umeiva.

"Dada, unanipapasa au unanipiga?" Shelby akauliza, kichwa kikiwa chini.

"Naogopa kukuumiza."

"Mimi si yai."

Renae akaongeza nguvu, na sasa ikawa makofi ya kweli, pa, pa, mpaka Shelby akaita, "Curtis, njoo, huyu ananiua."

Curtis Wiemer alikuwa mlezi wa miaka ishirini, mwembamba kama fimbo ya kuvulia samaki, na ncha za vidole zimevimba na kuwa na rangi ya samawati. Alikuwa na ugonjwa uleule. Aliletwa kambini akiwa mtoto, akarudi kila mwaka, na alipokuwa mkubwa Bi Verna akampa fulana ya ulezi.

"Acha kofi," alimwambia Renae. "Kunja kiganja, kama unateka maji. Ukisikia mlio wa kwato za farasi, hapo sawa. Ukisikia kofi, jua umemtukana mtoto wa watu." Akamwinua Shelby, akalala yeye benchini. "Haya, nijaribie mimi. Usiniogope. Madaktari walisema nitakufa nikiwa na miaka kumi na miwili, wakakosea. Wakasema basi kumi na minane, wakakosea tena. Sidhani kama wewe utafaulu."

Renae akacheka. Nilikuwa dirishani pa jikoni nikiosha masufuria, na ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikitoka yote.

Mwaka uliofuata alirudi bila kuitwa, akapewa banda zima la wasichana. Mmoja wao alikuwa mgeni, Joellen Bratt, mwenye miaka kumi. Mama yake alimleta na sanduku la dawa kubwa kuliko la nguo, akakaa ndani ya gari kwenye kivuli kwa muda mrefu kabla ya kuwasha injini na kuondoka. Joellen hakuwahi kulala nje ya nyumba yao. Jioni ile wenzake walipokuwa wanapigwa migongo na kukohoa na kutema na kucheka, yeye alijifungia chooni.

Renae alikaa chini, nje ya mlango.

"Sitoki," Joellen alisema. "Nikikohoa watu wanasogea."

"Watu gani?"

"Shuleni. Wanasema nitawaambukiza. Hakuna anayekaa na mimi wakati wa kula."

"Ugonjwa wako hauambukizi," Renae alimwambia. "Umezaliwa nao. Mtu haupati kwa kukaa na wewe. Na hapa nani atasogea? Hapa wote tuna kifua, isipokuwa mimi, na mimi natoka zizini, nimezoea kunuka na kunukiwa."

Mlango ukafunguka kidogo. Renae hakumvuta. Alikwenda akalala yeye kwenye benchi, kifudifudi, kichwa chini, nywele zikigusa sakafu. "Basi njoo unifundishe. Mama yako anakupigaje? Mikono yangu inajua ng'ombe tu."

Joellen akatoka. Akaanza kumpiga mgongo, kwanza kwa woga, halafu vizuri, kwa mwendo ule ambao mama yake alimpigia maisha yake yote. Wengine wakaja kutazama. Shelby akasema huyu mgeni anajua kuliko walezi wote, na yeye anataka apigwe na huyo. Kabla ya kulala walikuwa wamejipanga mstari, wakubwa wakiwapiga wadogo, na banda lote likilia kwato za farasi.

Kesho yake Renae alimwambia Bi Verna, "Waache wafanyiane wenyewe. Wakifanyiwa wanaona wao ni wagonjwa. Wakifanyiana wanakuwa watu wa kazi."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia mkubwa. Bi Verna alimtazama, akasema, "Fanya hivyo kambi nzima," na mwaka ule Renae alizunguka banda kwa banda akiwafundisha walezi waliomzidi umri na elimu. Mwanzoni sauti ilimtetemeka. Kufikia Agosti nilimwona akisimama juu ya benchi la ukumbi wa chakula, mkono juu, na watoto wote wakanyamaza wakisubiri aseme. Nikajua nilikosea kusema hamalizi wiki.

Kulikuwa na kazi moja ambayo kila mlezi aliiogopa. Kila tulipofungua kambi, kulikuwa na vitanda ambavyo wenyewe hawakurudi. Watoto walishuka kwenye magari wakitafutana kwa macho, na ilibidi mtu awaambie nani amefariki tangu mwaka jana. Bi Verna alikuwa na namna yake na aliwafundisha walezi wote. Habari mbaya inatolewa uso kwa uso, mmekaa, kwa maneno ambayo hayana maana mbili. Usiseme amelala, usiseme ametutoka, maana mtoto atauliza ametoka kwenda wapi. Sema amekufa. Kisha usinyanyuke mpaka yeye anyanyuke kwanza.

Mwaka wake wa tatu Renae aliomba kazi hiyo aifanye yeye kwa banda lake. Alikaa nao sakafuni. Nilipita na jagi la maziwa nikamsikia akisema jina la binti aliyekuwa analala kitanda cha dirishani, na neno lile alilofundishwa, bila kulizungusha. Walilia, naye akakaa. Chakula kilipoa nikakipasha tena. Waliponyanyuka, aliyetangulia alikuwa Joellen, akamwinua Renae kwa mkono.

Curtis aliniambia siku hiyo, "Unaona? Mimi nikifa nataka habari zangu azitoe huyu."

"Usiongee upuuzi," nikamjibu. "Nenda kale."

"Nakula. Ila ukweli unaujua."

Renae na Curtis walikuwa wamependana, na kambi nzima ilijua kabla yao. Walikaa gatini wakitengeneza makasia, Curtis akiongea, Renae akisikiliza, halafu polepole wakawa wanaongea wote. Shelby alikuwa akiwapitia na kuwauliza harusi lini, avae gauni la rangi gani. Siku moja nilikuwa nawapelekea kahawa nikamsikia Curtis anamwambia, "Mimi si mtu wa kununua naye fanicha, Renae. Fikiria."

"Sijakuomba fanicha."

"Unaomba nini?"

"Kaa hapo. Nyamaza kidogo."

Akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Kama ukiniuliza kambi ile ilikuwaje, nitakuambia watoto wale hawakuwa na mahali pengine duniani pa kukohoa bila mtu kugeuza shingo. Walilala wamerundikana kama paka. Walinywea kikombe kimoja, walilambishana aiskrimu, walibebana mgongoni kwenda majini. Wakubwa waliwaambia wadogo mambo ambayo hawakuweza kumwambia daktari wala mama. Na vijana kama Renae waliotoka pale hawakuwa tena watu wa kuogopa kitu kidogo.

Majira ya baridi baada ya mwaka wake wa nne, Joellen aliugua. Watoto wetu waliugua kila mara, hilo halikuwa jipya, lakini safari hii aliteremka ghafla. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mapafu yake hayakuwa mabaya, na kabla ya Pasaka tukamzika kwenye ardhi iliyoganda kwa baridi, ambayo ilibidi ipashwe moto ndipo ichimbike. Akafuata msichana mwingine wa banda lilelile. Akafuata mvulana. Halafu Curtis akalazwa Minneapolis, na dawa ambazo zilikuwa zikimsaidia miaka yote hazikumsaidia.

Aprili Bi Verna alituita tuliofanya kazi kambini, tukakutana kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Daktari Pell, aliyewatibu wengi wa watoto wale, alikuja kutoka mjini. Hakukaa. Alisimama na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kitu.

"Tumepima makohozi yao," alisema. "Ni kijidudu kimoja. Kilekile kwa wote wanne. Wewe na mimi hakitufanyi chochote, kimo hata kwenye udongo. Kikiingia kwenye mapafu yao hakitoki, na wengine kinawaua haraka. Tulidhani kila mmoja anakiokota peke yake. Sivyo. Wanapeana wao kwa wao. Kwa kikohozi, kwa kikombe, kwa mikono."

Hakuna aliyeuliza wanapeana wapi. Watoto wale walikaa miji mbalimbali, shule mbalimbali. Walikokutana ni mahali pamoja tu.

Bi Verna alisema kwa sauti ndogo, "Ni sisi, Daktari?"

"Mlifanya tulichowaambia mfanye. Mimi mwenyewe niliwaandikia wazazi wawalete." Akaigeuza kofia yake. "Kambi haiwezi kufunguliwa tena. Wala si hii peke yake. Hawatakiwi kukaa chumba kimoja, hata wakiwa wawili tu."

Nilimtazama Renae. Alikuwa ameiweka mikono yake mezani, viganja juu, anaiangalia.

Bi Verna alizeeka pale pale. Alisema ataandika barua moja, ipelekwe kwa wazazi wote, na jambo liishe. Renae, mwenye miaka ishirini na tatu, ndiye aliyemjibu.

"Hapana, Bi Verna. Uso kwa uso. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Siwezi, mwanangu. Kusema kweli siwezi."

"Basi nitakwenda mimi kwa wa banda langu. Wengine nao waende kwa wao."

Akachukua gari la baba yake, la kubebea nyasi, nami nikamsindikiza, kwa sababu sikutaka aendeshe peke yake barabara zile zenye barafu inayoyeyuka. Kila nyumba tuliyofika walifungua mlango wakifurahi, wakidhani ameleta habari za Julai.

Shelby alikuwa na miaka kumi na mitatu na nusu wakati huo. Alikuwa ameshatoa begi lake la kambi, liko mlangoni, ingawa bado kulikuwa na theluji uani. Renae alimkalisha jikoni kwao, mama yake akiwa pale, akamwambia yote. Hakuficha kijidudu, hakuficha wanne. Shelby alisikiliza bila kutania hata mara moja.

"Mimi na Joellen tulikuwa tunapigana migongo," akasema.

"Ndiyo."

"Kila siku. Na tulikunywa soda moja. Mimi wamenipima?"

"Wamekupima. Unacho."

"Mimi ninacho na sijaugua, na yeye amekufa." Alifikiri. "Kwa hiyo nilimpa mimi?"

Mama yake akasema haraka, "Hapana, mpenzi, usiseme hivyo."

Shelby hakumwangalia mama yake. Alimwangalia Renae.

"Sijui," Renae akasema. "Huenda wewe ulimpa, huenda yeye alikupa, huenda wote mlipewa na mtu mwingine. Hakuna anayejua na hakuna atakayejua. Ninachojua ni kwamba mpango wa kupigana migongo ulitoka kwangu, si kwako. Ukitaka kumlaumu mtu, anza na mimi."

"Ungeweza kuniambia hapana tu."

"Ningeweza."

Shelby akaweka kichwa mezani. Tulikaa. Mama yake akawasha taa kulipoingia giza. Mimi miguu ilikuwa imekufa ganzi lakini sikuthubutu kusogeza kiti. Mwisho Shelby akanyanyuka, akalichukua begi mlangoni, akapanda nalo ghorofani, ndipo Renae naye akanyanyuka.

Kwenda kwa akina Bratt hakukuwa lazima. Mtoto wao alishakufa, wala hawakuwa na wa kumkataza. Nilimwambia Renae hivyo. Akasema hataki yule mama asome kwenye gazeti.

Bi Bratt alifungua mlango akiwa amevaa aproni. Hakutukaribisha ndani, kwa hiyo Renae alimwambia palepale kizingitini, na ndiyo mara pekee aliyosema habari kama ile akiwa amesimama.

"Kwa hiyo hapa nyumbani alikuwa salama," Bi Bratt akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alirudi mwaka ule wa kwanza anaimba kwamba ugonjwa wake hauambukizi. Anasema dada Renae ameniambia. Hata shuleni akaenda kuwaambia."

"Nilimwambia hivyo."

Yule mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akafunga mlango. Hakuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Curtis alikaa hospitalini mpaka majira ya joto. Julai, wakati ambao tungekuwa ziwani, Shelby naye alilazwa, ghorofa ileile, vyumba viko pande mbili za korido. Hawakuruhusiwa kuonana. Renae alikuwa na ruhusa ya kuwaona wote, kwa kuwa yeye mapafu yake ni ya mtu mzima wa afya, lakini kila alipotoka kwa mmoja ilibidi anawe mpaka viwiko, avue joho la hospitali, avae lingine. Mikono ilichubuka. Alikuwa akivuka ile korido na matusi yao.

"Mwambie Shelby harusi imeahirishwa kwa sababu ya gauni lake."

Anavuka, ananawa, anavaa.

"Mwambie Curtis gauni lilikuwa zuri, ila bwana harusi ananuka dawa."

Anavuka tena. Nesi mmoja aliniambia hakuwahi kuona mtu akinawa mikono kiasi kile huku akitabasamu, na kwamba akimaliza husimama pale kwenye sinki kidogo, tabasamu limeondoka, kabla ya kuingia.

Curtis alikufa mwezi wa Agosti, mchana, Renae akiwa amemshika ncha za vidole. Alinawa, akabadili joho, akavuka korido. Shelby alimwona anaingia bila utani wowote mdomoni, akavuta kiti kwa mguu kutoka kitandani, akakisogeza ili akae.

"Kaa, dada," alimwambia. "Sema."

Mazishi yalileta taabu nyingine. Watoto wote wa kambi walitaka kuja, na hawakutakiwa kukaa pamoja. Mchungaji alishauri wasije. Wazazi wengi walikubali. Renae alikwenda kwa mchungaji, akakaa naye, akatoka na mpango wake. Siku ile uwanja wa kuegesha magari wa kanisa ulijaa magari yaliyoegeshwa mbalimbali, vioo vimefungwa, viyoyozi vikinguruma, katika kila gari mtoto mmoja na mzazi wake. Spika ilifungwa nje ukutani ili wasikie. Walijuana tangu wakiwa wadogo, wamelala pamoja, na sasa walipungiana mikono kupitia vioo viwili.

Renae hakuingia kanisani. Alizunguka uwanjani wakati wote wa ibada, kutoka gari moja kwenda jingine, akiinama kwenye dirisha, akiongea na kila mtoto kupitia kioo. Joto lilikuwa kali na gauni lake jeusi liliganda mgongoni. Kwenye gari moja mvulana alipuliza pumzi kwenye kioo akaandika kwa kidole, herufi kinyumenyume ili zisomeke kwa nje, kwamba Curtis alikuwa anajamba kibandani. Alikosea herufi moja. Renae aliisoma, akacheka mpaka akashika paa la gari asianguke, na kicheko kile kikageuka. Baba wa yule mvulana alitaka kushuka amsaidie. Akamkataza kwa mkono, akajifuta uso kwa kiganja, akaenda gari lililofuata.

Shelby aliishi miaka mingine mitano. Renae alikuwa akienda kwao kila Jumapili baada ya kukamua, saa mbili za barabara, kumpiga mgongo na kusutwa. Alimzika pia. Bi Verna alikufa kabla yake, kwa ugonjwa wa moyo. Kambi ikauzwa, wenye pesa wakajenga nyumba za mapumziko, na banda la wasichana likavunjwa. Sijasikia Renae akilitaja ziwa lile, wala hapiti barabara yake.

Hakuwa nesi, ingawa wengi walidhani atakuwa. Alirudi kwenye ng'ombe. Kaka zake waliondoka mmoja mmoja, yeye akabaki, akaolewa, umri ukiwa umeenda, na dereva wa gari la maziwa, mtu mpole asiyeuliza mengi. Watoto hawakupata. Chama cha ushirika cha maziwa kilipoanza kuyumba, wafugaji walimchagua mwenyekiti, mwanamke wa kwanza, na waliomkumbuka akiwa msichana hawakuelewa alikoutoa ujasiri. Kampuni kubwa ilipokataa maziwa ya wafugaji wadogo, mameneja wa chama walitaka kutuma barua. Renae akakataa. Akaita mkutano kwenye ukumbi wa shule, akaweka viti kwa duara, akakaa miongoni mwao, akawaambia kwamba kiwanda chao cha maziwa kinafungwa, na kwamba wengi wao watauza mifugo kabla ya mwaka kuisha, yeye mwenyewe akiwemo. Hakusema hali ni ngumu. Alisema kinafungwa. Wanaume wazima walilia. Mmoja alimtukana. Hakunyanyuka mpaka wa mwisho aliponyanyuka.

Nilikuwepo, nilikuja kusaidia kahawa. Bi Bratt pia alikuwepo. Mume wake alifuga ng'ombe, alishafariki, na hisa zake za ushirika zilibaki kwa mkewe. Alikuwa amezeeka sana. Katika miaka yote ile hakuwahi kumsemesha Renae. Wakikutana dukani alikuwa akigeuza kikapu. Watu walipoondoka alimwendea, akiegemea mkongojo.

"Unaongea vizuri," alisema. "Watu wanakusikiliza."

"Asante, mama."

"Ulijifunzia kwa mwanangu."

Nilisimama na birika mkononi. Nilitaka kusema kitu, kwamba hakuna aliyejua, kwamba hata madaktari hawakujua. Renae hakunitazama.

"Ndiyo, mama," alisema. "Kwake zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote."

Bi Bratt akaanza kuhangaika na koti lake, mkono haupati tundu, na Renae akamshikia koti mpaka mkono ukaingia. Hakumshukuru. Alitoka polepole kwa mlango wa pembeni, na kwa dirisha tulimwona akilifikia gari la mpwa wake.

Tukaanza kukunja viti. Renae alikuwa akivipanga ukutani, akivihesabu kwa midomo bila sauti, na hesabu ikawa inampotea, anaanza upya. Nikamwambia aviache, mlinzi wa shule atavipanga kesho. Akasema kesho kuna watoto watakuja kucheza mpira humu ndani asubuhi, watahitaji nafasi. Akaendelea.